UZI: Kamera ya kumpiga picha mtoto asiyetulia, nipo Mombasa. Nichukue gani?

Mama wa Kibokoni

Assalaam aleikum na habari zenu nyote.

Nina binti wa miaka mitatu, mashaallah, hakai kitako. Akiamka ni kukimbia ukumbini, kupanda ngazi, kumfukuza paka, kuruka kutoka kwenye kiti. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, kuta nene, madirisha mazuri lakini membamba, na ndani mwanga si mwingi. Simu yangu haina ubaya. Nikimpata ametulia juani inatoa picha safi kabisa. Lakini akicheza, nikibonyeza huwa ameshaondoka: napata nusu ya kisogo na mkono uliogeuka ukungu. Picha zake za mwaka huu ambazo uso unaonekana sawasawa, nyingi ni zile alizolala.

Nimeweka akiba na nataka kununua kamera hasa. Bajeti ni elfu 70, naweza kusogea kidogo nikiona sababu. Dukani mjini kijana alinipa moja mkononi akaniambia hii ina megapikseli nyingi, chukua. Nikamuuliza itamshika mtoto anayekimbia? Akanirudisha kwenye megapikseli.

Basi nawauliza nyinyi mnaojua. DSLR, zile kubwa zenye kioo ndani, au hizi ndogo za kisasa? Iliyotumika ni salama? Na hili joto letu na chumvi ya bahari, kamera itastahimili? Sitaki kufanya biashara ya picha. Nataka mwanangu akikua aone alivyokuwa akicheza.

Mpiga Harusi wa Tudor

Waaleikum salaam dadangu. Swali ulilomuuliza kijana wa duka ndilo swali lenyewe, na inasikitisha kwamba hakulijibu, kwa sababu jibu lipo.

Megapikseli ziweke kando. Picha ya megapikseli 24, ambayo ndiyo kawaida ya kamera nyingi za kuanzia, unaichapisha kwa upana wa sentimita 50 na bado ni kali. Hutahitaji zaidi.

Kinachoamua picha ya mtoto anayekimbia ni spidi ya shata, yaani muda kamera inaouacha mwanga uingie. Mengine yote, lenzi, ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga ulioingia), sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), yanakuja kuisaidia hiyo spidi. Tufanye hesabu. Tuseme binti yako anakimbia mita 2 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/60, katika muda huo mdogo amesogea sentimita 3 na ushei. Ndio ule ukungu wako. Ukiweka 1/500 amesogea milimita 4. Ukiweka 1/1000, milimita 2. Mikono na miguu huenda mbio kuliko kiwiliwili, kwa hivyo kwenye 1/500 unaweza kupata uso mkali na kiganja kilichofifia kidogo. Mimi picha kama hiyo naitunza, maana ina uhai. Uso ukififia ndipo hakuna picha.

Sasa shata ikifunguka kwa muda mfupi, mwanga unaoingia unapungua. Ufukweni mchana si tatizo: kwa jua letu, lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, kwenye f/5.6 na ISO 100, inakupa 1/800 bila taabu. (Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.) Tatizo ni sebuleni kwako. Hapo ile lenzi ya kawaida inakunyima, na hapo ndipo pesa zako zinatakiwa ziende. Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara 10 ya lile la f/5.6. Maana yake mahali ulipokuwa ukipata 1/50, sasa unapata 1/500. Chumba kile kile, saa ile ile, mtoto yule yule. Hakuna bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, itakayokupa faida hiyo kwa bei ya lenzi ndogo ya f/1.8.

Jambo lingine ambalo wauzaji hulichanganya: watakwambia kamera au lenzi hii ina kizuia mtikisiko. Ni kitu kizuri, lakini kinazuia mtikisiko wa mkono wako wewe. Mtoto akisogea hakimzuii. Usilipe ziada kwa ajili hiyo.

Kuhusu aina, mimi ningekushauri hizi zisizo na kioo ndani, mirolesi. Sababu ni moja: zinatambua jicho la mtu na kulifuata. Sony a6100 na a6400, zote za 2019, zikishalishika jicho zinakwenda nalo mtoto akizunguka, akiinama, akirudi, na zinapiga picha 11 kwa sekunde. Canon R50 ya 2023 nayo ni hodari, nyepesi, haifiki hata gramu 400 ikiwa na betri na kadi. Mtoto wa miaka mitatu hakupi nafasi ya kuchagua nukta ya kulenga. Ukishughulika na vitufe, tukio limepita.

Mpya pamoja na lenzi ya pili itakupita bajeti. Tafuta bodi iliyotumika, uongeze lenzi moja ya f/1.8.

Baba Pacha Nyali

Mimi nina wavulana wawili pacha na sijanunua kamera. Dada, kabla hujatoa elfu 70, jaribu haya kwenye simu: fungua dirisha lote, washa ile hali ya kupiga mfululizo, na ukiweza ingia kwenye mipangilio ya kitaalamu uweke spidi mwenyewe, 1/500. Au rekodi video ya 4K kisha utoe fremu. Fremu moja ya 4K ni megapikseli 8, inatosha kuchapisha ya albamu. Simu iko mfukoni kila saa, kamera inabaki kabatini. Wazazi wenzangu wengi wamenunua kamera na sasa zinakaa na vumbi.

Mpiga Harusi wa Tudor

Baba Pacha, la dirisha na la spidi nakuunga mkono, na nje simu inaweza sana. Lakini ndani sensa ya simu ni ndogo mno. Kwenye mwanga hafifu simu huunganisha fremu kadhaa kuwa moja, na mtoto anakuwa amehama kati ya fremu na fremu. Ukiilazimisha 1/500 gizani inakuletea chengachenga. Video pia, usipoishika spidi yake, kila fremu inakuja na ukungu wake. Kwa nyumba ya Mji wa Kale, sensa ya APS-C, iliyomo kwenye kamera kama hizo za Sony, ya milimita 23.5 kwa 15.6, ni kitu tofauti kabisa.

La kamera kukaa kabatini umesema kweli. Dada, kamera iweke mezani au juu ya rafu asipofikia mtoto, betri imejaa, lenzi imo. Ikiwa kwenye begi lenye zipu tatu, hutaitoa.

Ami wa Bondeni

Ndugu zangu, msimtishe mama wa watu kwa mitambo ya bei. Nimepiga picha wajukuu wangu kwa DSLR tangu wakitambaa na sasa wacheza mpira. Kamera za kioo bado ni imara, na kwa kuwa watu wanazihama, zilizotumika zimeshuka bei. Canon 80D ya 2016 ina nukta 45 za kulenga na picha 7 kwa sekunde. Nikon D7200 ya 2015 ina nukta 51. Ukiongeza Canon 50mm f/1.8 STM, au kwa Nikon ile 35mm f/1.8 ya DX, umemaliza, na chenji yabaki ya kumnunulia mtoto viatu vya Idd.

Tena kuna jambo ambalo vijana hawalithamini. Ukichungulia kwenye kamera ya kioo, wamwona mtoto mwenyewe kupitia lenzi, hakuna skrini katikati. Na betri: DSLR ikijazwa usiku, kesho yake mwatembea Fort Jesus, mwapita bustani ya Mama Ngina, mwarudi jioni na bado ina chaji. Hizo mirolesi ndogo zala betri.

Onyo moja kwa wanaokwenda upande wa Nikon. Zile ndogo, D3500 na ndugu zake, hazina mota ya kulenga ndani ya bodi. Ukiuziwa lenzi ya zamani ya AF-D, haitalenga yenyewe. Tafuta yenye maandishi AF-S au AF-P.

Mpiga Harusi wa Tudor

Ami shikamoo. Kwa betri sina ubishi, mwenye mirolesi anunue betri ya pili siku hiyo hiyo. Na 80D ni kamera ninayoiheshimu, ukitumia skrini yake inalenga uso vizuri hata kwenye video.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye f/1.8 na mtoto anayekuja mbio. Kwa lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 mbele yako, eneo lililo kali ni kama sentimita 11 tu kwa kina. Ukilenga pua, masikio yanaanza kupotea. Mtoto akipiga hatua moja ameshatoka humo. Wewe Ami una mkono wa miaka, nukta ya kulenga unaihamisha bila kuangalia. Mtu anayeanza leo atapata picha nyingi ambazo kali ni ukuta wa nyuma. Kulenga jicho kumekuja kutatua hilo hasa.

Ami wa Bondeni

Marahaba mwanangu. Hapo wasema kweli. Basi kwa DSLR afunge tundu hadi f/2.8 akiwa karibu, apate nafasi ya kukosea. Mwanga wa f/2.8 bado ni mara 4 ya f/5.6.

Mwalimu wa Chekechea Kisauni

Nimesoma yote kwa makini, na mimi si mtu wa mitambo, ila kila siku niko na watoto wa umri huo na shule hunipa kamera wakati wa michezo. Naomba mtu asisahau upande wa mtoto.

Shuka chini. Piga magoti, kaa sakafuni, lala kifudifudi ikibidi. Picha nyingi za watoto zimepigwa na mtu mzima aliyesimama, matokeo yake ni utosi na sakafu. Ukiwa chini, macho yenu yakilingana, unaona anachokiona yeye: chini ya meza, uso wa paka, miguu ya bibi.

Usimwite jina. Ukimwita "niangalie hapa" mara nyingi, atajifunza lile tabasamu la meno ambalo si lake, na akiona tu kamera ataacha kucheza. Mwache azame kwenye mchezo kwanza. Mtoto akishazama, unaweza kuwa hapo hapo karibu naye na asikujali.

Na jifunze mchezo wake. Watoto hurudia. Akiruka kutoka kwenye kiti mara moja, ataruka tena na tena mpaka achoke. Kwa hivyo usimfukuze. Kaa pale atakapotua, lenga pale, subiri. Kwenye pembea kuna ile sehemu ya juu kabisa, kabla haijaanza kurudi, ambapo mtoto anakuwa kama amesimama hewani. Bonyeza hapo. Hata kamera ya polepole inaipata. Wakati wa Idd, kwenye pembea za Makadara, nimepata picha nzuri za watoto kwa njia hiyo kwa kamera ya kawaida kabisa.

Mama wa Kibokoni

Nimeshukuru sana, sana. Mwalimu, hilo la kutomwita jina limenigusa, kwani nimeshaliona lile tabasamu la meno.

Naona nimeelekea kwenye Sony a6100 iliyotumika, nimeipata kwa mtu anayesafiri, na bei yake inaniachia ya lenzi. Sasa lenzi: 35mm au 50mm? Chumba chetu kikubwa hakizidi mita 4 kwa 3. Na nikishaipata, naiwekaje? Nimeangalia menyu yake, kurasa hazina mwisho.

Mpiga Harusi wa Tudor

35mm, bila kusita. Fikiri hivi: binti wa miaka mitatu ni kama sentimita 95 kwa urefu. Ukiwa mita 2 na lenzi ya 50mm, ukiisimamisha kamera wima, anakaa kwenye fremu kichwa kikigusa juu na vidole vikigusa chini. Akinyoosha mikono, imekatika. Kwa 35mm unapata urefu wa mita 1 na sentimita 34 kwenye umbali ule ule, ana nafasi ya kuruka. Na eneo kali linaongezeka, kutoka sentimita 11 hadi kama 22. Kwa mtoto asiyetulia hiyo ni neema. 50mm inapendeza nje, Mama Ngina au ufukweni, unapotaka uso peke yake na bahari nyuma imelainika. Hiyo itakuja baadaye.

Menyu usiiogope, unahitaji mambo machache ukiyaweka mara moja umemaliza. Gurudumu la juu liweke kwenye S, ambapo wewe unachagua spidi na kamera inatafuta mengine. Ndani anza na 1/500. Akichora au akila, teremka hadi 1/250, mwanga utakushukuru. Nje akikimbia, panda 1/1000. ISO iache ijipange yenyewe, lakini iwekee mpaka wa juu 6400. Chengachenga kidogo kwenye picha zinavumilika, na ukichapisha hazionekani sana. Picha yenye ukungu haina dawa.

Kulenga weka AF-C, ile ya mfululizo. Kwa Canon inaitwa Servo. Hili wengi hulikosa: kamera nyingi huja zikiwa kwenye hali ya kulenga mara moja na kutulia, halafu mtu analaumu lenzi. Washa kutambua uso na jicho, chagua la binadamu. Kisha weka upigaji wa mfululizo, lakini si wa mbio kupita kiasi. Bonyeza kwa vipande vifupi, picha 3 au 4, achia, bonyeza tena. Ukishikilia kidole utarudi nyumbani na mamia ya picha zinazofanana na hutapata nguvu ya kuzichambua.

Kadi nunua halisi, yenye alama ya V30, inayoandika si chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi bandia zimejaa, na zinafia kwenye picha usiyoweza kuirudia. Ukiinunua ijaze yote kwanza, uzifungue faili zote, ndipo uiamini.

Na taa za nyumbani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kwenye spidi za juu picha moja itakuja na mwanga, inayofuata giza. Ukitumia shata ya kimyakimya, ile ya kielektroniki, utaona na mistari imekatiza. Zima hiyo kimya, tumia shata ya kawaida, na mchana zima taa kabisa umvutie mtoto karibu na dirisha. Weka mkeka na vitu vyake vya kuchezea mita 1 kutoka dirishani, wewe kaa ubavuni mwa dirisha. Yale madirisha yenu membamba na kuta nene hutoa mwanga wa upande mmoja ambao sisi tunalipia studio kuupata.

Baba Pacha Nyali

Naongeza la nje. Fukwe zetu, Nyali, Bamburi, pale Jomo Kenyatta, zote zinatazama mashariki. Jua linatoka baharini na kuzama nyuma yako, upande wa bara. Kwa hivyo asubuhi kabla ya saa tatu una mwanga wa dhahabu usoni mwa mtoto anayetazama maji. Jioni kuanzia saa kumi na moja kivuli cha minazi na mivinje kinafunika mchanga, mwanga unakuwa laini kila mahali, mtoto akimbie popote uso hauna kivuli kikali. Saa sita mchana usihangaike, jua la huku liko utosini, macho yote yanageuka mashimo meusi. Mpeleke mkaogelee tu.

Fundi Lenzi

Nimengoja mtu aguse swali la chumvi na joto, hakuna. Mimi nafungua lenzi kwa kazi, na kinachoua lenzi za watu wa Mombasa ni kuvu. Inaanza kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, inakula ile rangi ya juu, na ikishakula hairudi. Inapenda giza, joto na unyevu, yaani begi lililofungwa kabatini msimu wa mvua ndefu.

Dawa ni rahisi. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, kama yale ya kuwekea unga. Tia pakiti za silika jeli, zile za kunyonya unyevu, za kutosha, na kidude cha kupima unyevu, ni cha bei ndogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Silika ile yenye rangi ikibadilika rangi imeshiba, ikaushe kwa moto mdogo kwenye oveni irudi kazini. Mchele usitumie, una vumbi la wanga. Na kamera inayotumika mara kwa mara, ikapata hewa na mwanga, kuvu haiipendi. Kwa hivyo ushauri wa kuiweka mezani ni mzuri mchana, usiku irudi kontenani.

Ukitoka ufukweni, hasa wakati wa kusi upepo ukibeba maji ya chumvi, futa bodi na nje ya lenzi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Mchanga upulize kwanza kwa kipulizo cha mpira, usisugue. Lenzi usibadilishe ufukweni kabisa. Na kitu kinachowapata wengi: kamera imekaa kwenye gari lenye kiyoyozi, unashuka, unaifungua, kioo kinajaa jasho papo hapo, na ndani pia. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uitoe.

Sasa hiyo a6100 unayokwenda kuiona. Nenda mchana, nenda na kadi yako na tochi. Toa lenzi, washa tochi nyuma yake, angalia kupitia mbele kwa mshazari: nyuzi, madoa ya mviringo, ukungu, ukiona chochote kati ya hivyo iache. Vumbi mbili tatu si kitu. Kisha piga picha ya mbingu au ukuta mweupe kwa f/16, uikuze kwenye skrini. Madoa meusi yasiyohama ni uchafu wa sensa, unasafishika, lakini bei ishuke. Bonyeza kila kitufe. Fungua mlango wa betri, angalia shaba kama ina kijani. Kijani ni kutu ya shaba, mara nyingi dalili ya unyevu au chumvi, na kamera iliyoonja maji ya bahari usiichukue hata kwa nusu ya bei. Mwisho mwambie mtu atembee kuja kwako, ipigie mfululizo, uone jicho linafuatwa au linapotea.

Kutana naye mahali pa watu, na pesa isitoke mpaka umemaliza. Mteja wangu mmoja alituma nusu ya pesa kwa simu kabla ya kuiona kamera, na muuzaji hakupatikana tena.

Mwanasheria Mdogo

Si mada kuu lakini naona lisemwe. Zikiwa nzuri utatamani kuziweka mtandaoni. Simu, na kamera iliyounganishwa na simu, huweza kuandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili yenyewe. Izime hiyo au uifute kabla ya kurusha. Sare ya shule yenye nembo, mlango wa nyumba, njia ya madrasa, vichunge. Na watoto wa wenzako wakiingia kwenye picha, muulize mzazi kabla ya kuchapisha popote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, ni heshima ya jirani.

Mama wa Kibokoni

Nimerudi. Kamera nimeinunua. Nilikwenda na tochi kama fundi alivyosema, na yule muuzaji mwenyewe alifurahi kuona najua cha kuangalia. Sensa ilikuwa na madoa mawili, akapunguza bei. Lenzi ya 35mm f/1.8 nimeipata kando, iliyotumika pia, kioo safi.

Mkeka nimeutandika karibu na dirisha la ukumbini, spidi 1/500, nimekaa chini, sikumwita. Alikuwa akimvalisha mwanasesere leso. Kuna moja ameinua mikono juu, leso imefunguka hewani, nyuzi za ncha zinaonekana moja moja, na uso wake anacheka kile kicheko cha kufunga macho. Mama yangu ameitazama hadi akatoa machozi. Ametaka ichapishwe leo leo.

Allah awalipe kheri wote. Swali la mwisho: picha zikishakuwa nyingi nazihifadhi wapi? Na ya kutundika ukutani nichapishe kwa ukubwa gani kwa chumba kama changu?

Mpiga Harusi wa Tudor

Mashaallah, nimefurahi kweli.

Ya ukutani kwa chumba cha mita 4 kwa 3, sentimita 30 kwa 45 inatosha, na uwiano wake ndio uwiano wa kamera yako, haitakatwa kitu. Mwambie mchapishaji karatasi ya mati, ya kung'aa itarudisha taswira ya dirisha. Isielekee jua la moja kwa moja na isiguse ukuta wenyewe, kuta za chokaa za Mji wa Kale zina unyevu. Weka vipande vidogo vya mpira nyuma ya fremu hewa ipite. Ndogo za albamu chapisha sentimita 10 kwa 15.

Kuhifadhi: kila wikendi chambua, futa zisizofaa bila huruma, zinazobaki weka sehemu mbili, diski ya nje nyumbani na nakala nyingine mtandaoni au kwa dada yako, si nyumba hiyo hiyo. Kadi usiifute mpaka umefungua nakala zote mbili ukaona zinafunguka.